Springi za Bi Klachi

Gari la Bi Klachi lilikuwa limechuchumaa. Hakuna namna nyingine ya kulieleza. Mbele lilikuwa limeinua pua kama mtu anayenusa jiko la jirani, nyuma limezama, upande wa kushoto zaidi ya wa kulia, hata ukilitazama kutoka barazani ungeapa kwamba kuna watu wanne wanene wamejibana kiti cha nyuma wakimsubiri dereva. Kumbe hamna mtu. Hamna hata kapu.

Lilikuwa gari la siku nyingi, la rangi ya chai iliyozidi maziwa, lenye taa za duara na usukani mwembamba, mpana kama sinia. Bi Klachi alilinunua kabla hajaolewa, akaolewa nalo, akazaa nalo, na kwa miaka thelathini na mmoja akalifundishia watu udereva. Nusu ya mji ilijifunza kuendesha humo ndani. Jina lake lilitokana na kelele zake. Mwanafunzi akikanyaga vibaya, sauti ilisikika mtaa wa pili: "Klachi, mwanangu, klachi! Hiyo si mende, usiikanyage kama unataka kuiua!"

Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, sauti ile ile, ila mgongo haukuwa ule ule. Aliishi na bintiye, fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwembamba, ambaye watu walimwita Sindano bila kujua kama wanataja kazi yake au umbo lake. Mwenyewe hakujali. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa duka lake: vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na vitambaa vya watu vilivyofungwa mafungu mafungu, kila fungu na jina lake.

Kilichokuwa kinamkosesha Sindano raha si gari kuchuchumaa. Magari mengi yamechuchumaa na maisha yanaendelea. Tatizo lilikuwa Mama Mdogo.

Mama Mdogo, mdogo wake Bi Klachi wa tumbo moja, aliishi mji mwingine, mwendo wa saa tatu. Zamani dada hawa walitembeleana kila baada ya miezi miwili. Mwaka juzi, katika safari ya mwisho, gari lilipita kwenye shimo, likapiga chini gubu!, na Bi Klachi akatoa mlio ambao Sindano hakuwahi kuusikia kinywani mwa mama yake. Alilala kitandani siku nane. Daktari akasema mgongo ule hautaki kurushwarushwa tena. Tangu siku hiyo dada wawili wakawa watu wa simu. Kila asubuhi, saa moja kamili, walipigiana na kupayuka kama watu walio ng'ambo mbili za mto, na kila asubuhi Bi Klachi alikata simu akabaki ameishika mapajani kwa muda, akiitazama.

"Panda basi, Mama," Sindano alimwambia. "Siku hizi mabasi yana viti laini."

"Nipande chombo kinachoendeshwa na mtu ambaye sikumfundisha?" Bi Klachi alijibu. "Niache nife kwa mambo mengine."

Basi Sindano akakata shauri. Kama mama hataki kupanda kingine, basi hiki chake kiinuliwe. Asubuhi moja akamwita Fundi Chapuchapu.

Fundi Chapuchapu alikuwa mtu mfupi mwenye mikono minene na moyo mweupe, aliyefanya kila kitu kana kwamba kuna mvua inakuja. Alikula haraka, alizungumza haraka, na hata salamu yake ilikuwa nusu: "Kamoo, Bi Klachi!"

"Marahaba. Na hiyo 'shi' umeiacha wapi?" Bi Klachi alimuuliza kutoka kiti chake cha barazani. "Nawe ndiye uliyegonga pipa la taka mara mbili siku moja. Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya. Ya pili nikajua ni kipaji."

"Ah, mwalimu wangu, hayo yameshapita!" Fundi alicheka, akajitupa chini ya gari, miguu ikabaki nje. Alipiga vyuma kwa spana, akaguna, akatoka na kutu kwenye kope.

"Springi za nyuma zimekufa," alisema. "Zote mbili. Njoo uone, Sindano."

Sindano akainama. Hakuwa amewahi kutazama chini ya gari lile maishani mwake, ingawa alizaliwa akalikuta. Kila upande wa nyuma palikuwa na fungu la vyuma bapa vilivyolaliana, kirefu juu, kifupi chini, kama nguo zilizokunjwa zikapangwa kabatini. Kile kirefu kilikuwa na ncha mbili zilizoviringwa kuwa pete, na kwa pete hizo springi ilishikwa na gari: mbele kwa bolti moja, nyuma kwa kibanio cha chuma kinachobembea. Katikati, bolti nne zilizopindwa kama herufi U ziliifunga springi kwenye ekseli. Vyuma vile vilipaswa kuwa vimepinda kama upinde. Vilikuwa vimenyooka kama rula.

"Vimechoka," alisema Fundi. "Vimebeba wanafunzi miaka thelathini, nani asingechoka?" Akachomoa tepu yake ya chuma, akapima chini ya gari kutoka pete ya mbele hadi pete ya nyuma. "Inchi arobaini na sita. Basi! Kabla ya saa tisa ninazo."

"Hutaki kupima kingine?" Sindano aliuliza.

"Kingine kipi? Springi ni springi."

Saa nane na nusu akarudi nazo kweli, nyeusi, zinang'aa, zimepinda vizuri hata Bi Klachi akapiga makofi. Fundi alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akainua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye vyuma imara, akaanza kupambana na bolti za zamani. Zilikuwa zimeoza kwa kutu. Alizimwagia mafuta, akazitukana, akazibembeleza, akazitukana tena. Kufikia saa kumi na moja springi za zamani zilikuwa zimelala uani juu ya gunia na mpya ziko mahali pake.

Akashusha jeki.

Gari likainuka nyuma kama mbuzi anayetaka kupiga mateke. Bi Klachi akasema, "Mh." Fundi akaenda kwenye buti, akaegemea kwa uzito wake wote. Kong! Akaegemea tena. Kong!

"Ni upya tu huo," alisema, ila sauti haikuwa na uhakika. "Zitazoea. Panda, Bi Klachi, twende hadi kona."

Walikwenda hadi kona na kurudi. Mtaa mzima ulisikia: kong, kong, kong. Bi Klachi alishuka ameshika kiuno, akamgeukia mwanafunzi wake wa zamani.

"Hii si springi," alisema. "Hili ni benchi la shule."

Fundi alilala tena chini ya gari na safari hii alikaa huko muda. Kile kibanio cha nyuma, ambacho kilipaswa kuning'inia na kubembea, kilikuwa kimesukumwa nyuma chote, kimelala, na kila gari likidunda kinagonga sakafu yake. Alitoka uso umemshuka. Akazifungua tena zile springi bila kusema neno, na Fundi Chapuchapu akikaa bila kusema neno, ujue hali ni mbaya. Gari likabaki juu ya vyuma vyake, tako hewani, na yeye akaketi juu ya tairi akijipangusa mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe.

Sindano alikuwa ametoka dukani na futikamba yake shingoni, kama kawaida. Hata kulala alikuwa akisahau kuivua. Alisimama kando ya lile gunia ambapo springi ya zamani ilikuwa ubavuni mwa ile mpya, akazitazama kama anavyomtazama mteja anayeingia akisema "mimi ni saizi ya kati".

"Fundi," alisema, "hii mpya uliipimaje kule dukani?"

"Pete hadi pete. Arobaini na sita juu ya alama."

"Ulipita hewani?"

"Nilipitaje?"

"Tepu yako. Ilipita hewani moja kwa moja, au ilifuata chuma?"

Fundi akacheka kidogo, kwa huruma. "Sindano, dada yangu, hiyo si sketi."

"Najua si sketi. Lakini ina nyonga." Akapiga magoti. Akashika ncha ya futikamba kwenye pete moja, akailaza juu ya chuma, akaifuatisha mpindo wote kwa dole gumba, polepole, asiiache inyanyuke hata kidogo, mpaka pete ya pili. Akasoma. Akasoma tena. "Arobaini na nane."

"Haiwezekani."

"Ile ya zamani imenyooka, ukipita hewani au ukifuata chuma ni kitu kimoja, arobaini na sita. Hii imepinda. Wewe umepima kamba ya upinde, hukupima upinde wenyewe. Ukiupakia uzito wa gari unanyooka, na ukinyooka unarefuka inchi mbili. Zitakwenda wapi hizo inchi mbili? Ndiyo zinasukuma kibanio chako."

Fundi alichukua futikamba mkononi mwake, akapima mwenyewe. Kisha akakaa chini, palepale mchangani.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Miaka ishirini na miwili nabadilisha springi."

"Na zingine zilikubali?"

"Zingine nilikuwa napeleka ya zamani dukani, nalinganisha kwa macho. Leo niliona uvivu kuibeba."

Barazani Bi Klachi alikuwa anacheka mpaka kiti kinalia. "Huyo nimemzaa mimi!" alisema kwa yeyote apitaye barabarani. "Huyo anayempima fundi!"

Sindano hakuwa na muda wa kusifiwa, alikuwa ameshanogewa. Alipindua springi ya zamani ya kushoto, akahesabu mabapa: matano. Akapindua ya kulia: sita. Akahesabu upya. Sita. Akapitisha kidole pembeni, kama anavyotafuta mshono uliofichwa, na kidole kikazama. Bapa moja lilikuwa jembamba kuliko wenzake, na kutu yake ilikuwa na rangi nyingine.

"Hiki ni kiraka," alisema. "Mama! Nani aliweka kiraka kwenye gari lako?"

Kicheko cha barazani kikakatika. Bi Klachi akajifanya kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

"Mama."

"Ilikuwa zamani," alisema hatimaye. "Bapa lilikatika njiani, nikitoka kwa mdogo wangu. Palikuwa na bwana mmoja anatengeneza mikokoteni. Akanipa la mkokoteni. Lilifanya kazi vizuri sana."

"Baba alijua?"

"Baba yako alikuwa mtu mwema, sikuona sababu ya kumsumbua."

Fundi alivunjika mbavu, akalala chali mchangani. Kuanzia hapo unyonge ukamtoka, wakawa wawili wanafanya kazi. Sindano alileta daftari lake la vipimo vya wateja, lenye jalada la maua, akafungua ukurasa mpya. Jina la mteja: Gari la Mama. Mabapa: matano. Upana: inchi mbili. Unene wa bapa la juu akaupima kwa kutumia kifungo alichojua unene wake. Kisha wakagundua jambo ambalo Fundi alilijua ila hakuwahi kuliandika: ile bolti ndogo inayoyashika mabapa pamoja haikuwa katikati. Kutoka kwenye bolti hadi pete ya mbele ilikuwa inchi ishirini, na hadi pete ya nyuma ishirini na sita.

"Kifua kifupi, mgongo mrefu," Sindano aliandika. "Nina wateja wa hivyo."

Mwisho aling'oa bushi ya mpira iliyokuwa ndani ya pete, akaifuta, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye mkoba.

Kesho yake wakaenda wote wawili duka la springi, na ile ya zamani wakaibeba, huku na huku, kama machela, zile mpya za kurudisha zimelazwa juu yake. Duka lilikuwa pango refu lenye harufu ya grisi na chuma, springi za malori zimepangwa hadi darini. Mwenye duka alikuwa mtu mkubwa, wa sauti ya chini, aliyevaa koti jeupe lililokuwa jeupe zamani; watu walimwita Daktari. Alizipokea zile springi za jana bila kinyongo, maana hazikuwa na mkwaruzo, akaketi nyuma ya meza, akaunganisha vidole.

"Gari gani, la mwaka gani, tunajua," alisema. "Namba kwenye bapa?"

"Kutu imekula," alijibu Fundi.

"Mabapa mangapi?"

"Matano," alisema Sindano, daftari wazi. "La sita ni kiraka."

Daktari akamtazama. "Upana?"

"Inchi mbili."

"Urefu?"

"Ishirini mbele, ishirini na sita nyuma. Kwa kufuata chuma."

Daktari akafungua vidole vyake. "Nani kapima?"

"Mimi."

"Wewe ni fundi wa gereji gani?"

"Mimi fundi wa magauni."

Yule mtu mkubwa akacheka cheko lililoanzia tumboni likachukua muda kufika mdomoni. "Miaka yote nawaambia fuateni chuma, fuateni chuma," alisema. "Nimebaki kama mtu anayeongea na ukuta. Njoo, mama. Kwa vipimo hivyo nina kitu kimoja tu cha kukuonyesha."

Aliwapeleka mwisho wa pango, mahali ambapo taa haikufika vizuri. Chini ya maturubai palikuwa na springi moja iliyozungushiwa karatasi ya grisi iliyokauka ikawa kama ngozi. "Hizi nilizikuta nilipochukua duka," alisema. "Hazina lebo, hazina namba, hakuna aliyewahi kujua ni za gari gani. Naziita mayatima. Kila mwaka nasema nitazitoa, kila mwaka nazihurumia."

Sindano akachuchumaa, akaibandua ile karatasi. Chini yake chuma kilikuwa kizima, cheusi, hakijawahi kukaa chini ya gari lolote. Mabapa matano. Akashika futikamba, akaanzia kwenye bolti ndogo. Kwenda mbele: ishirini. Kwenda nyuma. Dole gumba likasonga, likasonga. Ishirini na sita.

"Soma tena," alinong'ona Fundi.

"Ishirini na sita."

Akatoa bushi kwenye mkoba, akaisukuma kwenye pete. Ilibana kidogo, akaisukuma kwa kiganja, ikaingia yote kama kifungo kwenye tundu lake. Watu wazima watatu wakapiga kelele kwa pamoja ndani ya duka la vyuma. Fundi alimkumbatia Daktari, mikono yake ikaishia mbavuni.

"Na ya pili?" Sindano aliuliza.

Daktari akajikuna kidevu. Akatazama chini ya maturubai, akatazama nyuma ya mapipa, akatazama juu. Kisha macho yake yakashuka polepole kwenye rafu kubwa iliyoegemea ukuta, yenye springi za malori zinazokaribia hamsini, na chini ya rafu ile, mahali ambapo mguu mmoja ulikuwa umevunjika, kitu cheusi kilichopinda kilikuwa kimebeba mzigo wote.

"Lo," alisema Daktari.

Iliwachukua saa mbili. Walishusha chuma kimoja kimoja, Daktari juu ya ngazi, Fundi katikati, Sindano chini akipanga sakafuni kwa urefu, kwa sababu hakuweza kuona vitu vikirundikwa ovyo. Fundi alikuwa anaimba. Hakuwa na sauti hata kidogo, lakini hakuna aliyemwambia. Waliweka matofali mahali pa springi, wakarudisha vyote juu, na Daktari akajikuta ana rafu iliyopangwa kutoka ndefu hadi fupi.

"Kama magauni kabatini," alisema, akiitazama kwa mshangao.

Yatima wa pili alipimwa naye. Inchi kwa inchi, alikuwa pacha wa mwenzake. Mzigo wa rafu haukuwa umemnyoosha hata chembe.

Siku ya kuzifunga Sindano alivaa suruali kuukuu ya marehemu baba yake, akafunga kilemba, akafunga na duka. Kwenye mlango alibandika karatasi: Niko chini ya gari. Wateja wawili walifika kuchukua nguo, wakasoma, wakaenda uani kuhakikisha, wakabaki wakitazama.

Bi Klachi alihamishia kiti chake kivulini na kuongoza kazi asiyoijua. "Kaza hapo! Si hapo, hapo!"

Safari hii Fundi Chapuchapu alikwenda taratibu mpaka watu wakamshangaa. Aliigeuza kila springi mara mbili kuhakikisha upande mfupi unaelekea mbele. Alipaka grisi kwenye bolti mpya. Wakaingiza kwanza pete ya mbele, kisha kibanio cha nyuma, halafu Fundi akaiinua ekseli kwa jeki ndogo, kidogo kidogo, huku Sindano amelala chali, shavu kwenye vumbi, akiangalia ile bolti ndogo ya springi ikitafuta tundu lake kwenye ekseli.

"Kushoto kidogo," alisema. "Kidogo. Nywele moja. Hapo! Imeingia!"

Bolti za U zikafungwa, zikakazwa kwa zamu, huku na huku, zisivute upande mmoja. Shokapu zikarudi. Magurudumu yakarudi. Sindano alinyoosha spana amalizie bolti za mbele na za kile kibanio, mkono wa Fundi ukamzuia.

"Hizo bado," alisema. "Hapo sasa nakufundisha mimi. Ukizikaza gari likiwa hewani, mpira utashikwa vibaya. Likishuka chini, mpira unasokotwa, wiki mbili umechanika. Gari likanyage ardhi kwanza, likae na uzito wake, ndipo unakaza."

Uso wa Sindano ukafunguka. "Pindo la gauni," alisema. "Hulimalizi mezani. Mwenye gauni avae, avae na viatu atakavyotokea navyo, asimame wima, ndipo unaweka pini."

"Basi ndiyo hiyo hiyo," alisema Fundi, naye akacheka kwa furaha ya mtu ambaye heshima yake imerudi nyumbani.

Jeki ikashuka. Gari likakanyaga chini, likapumua, likatulia. Fundi akaegemea buti. Likazama kwa ulaini, likainuka, likanyamaza. Hamna kong. Hamna hata kwi. Alikaza bolti zilizobaki, na Sindano akapima kutoka chini hadi kwenye ukingo wa bodi juu ya gurudumu. Kulia, inchi ishirini na tano. Kushoto, ishirini na tano. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akalitazama. Hajui ilikuwaje, machozi yakamlengalenga. Hakukumbuka kwamba gari lile lilikuwa zuri. Tangu lini lilikuwa na mgongo ulionyooka vile?

"Mama, njoo upande. Nitakuendesha hadi kona."

Bi Klachi aliinuka, akalizunguka gari lote akilipapasa, akapita mlango wa abiria bila kuutazama, akaingia nyuma ya usukani.

"Mama, mgongo!"

"Mgongo ni wangu. Leseni pia ni yangu, na haijaisha. Ingieni au bakini mkitazama."

Waliingia wakikimbia. Bi Klachi akashika usukani ule mpana kama sinia, akaachia klachi kwa ulaini ambao hakuna mwanafunzi wake yeyote aliyewahi kuufikia, gari likateleza nje ya uzio. Mwisho wa mtaa palikuwa na tuta, lile lile ambalo kwa miaka miwili walilizunguka kwa kupita njia ya nyuma. Fundi akafumba macho. Sindano akashika kiti. Gari lilipanda tuta, likashuka, likainama kidogo kama mtu anayesalimia wakubwa, likaendelea.

Kisha Bi Klachi akageuza gari, akalipitisha tena kwenye tuta lile. Akageuza, akapita tena. Mara ya tano watoto wa mtaa walikuwa wamejipanga kando wanashangilia, na Bi Klachi alikuwa anapiga honi na kucheka kama msichana.

Jumamosi wakasafiri. Walianza asubuhi, mama akiendesha hadi nje ya mji, Sindano akimpokea barabara kuu. Hawakumpigia simu Mama Mdogo ile saa moja, ili wamshtukize. Lakini watu wawili wakiongea kila asubuhi kwa miaka, kunyamaza nako ni habari. Walipokunja kona ya nyumba yake walimkuta ameketi nje kwenye kigoda, amevaa viatu vya kutokea, na pembeni yake begi limefungwa kwa kamba.

Gari lilipungua mwendo. Mama Mdogo alilitazama kuanzia pua hadi mkiani, hakuinuka.

"Limesimama wima," alisema.

"Limesimama," alijibu Bi Klachi, tayari ameshafungua mlango.

Wakashikana pale barabarani, wazee wawili, bila kelele hata moja, wao waliozoea kupayuka. Sindano aligeuza uso akajifanya anakagua tairi. Walipoachana, Mama Mdogo akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa, akalinyooshea begi kidole.

"Na hilo?" aliuliza Sindano. "Unakwenda wapi, Mama Mdogo?"

"Mlipokosa kupiga simu saa moja, nikajua mko njiani," alisema. "Nami nimekaa kwenye nyumba hii miaka miwili naangalia kuta. Mlifikiri mmekuja kunisalimia? Mmekuja kunichukua. Weka begi kwenye buti, mwanangu, na uangalie, ni zito, nimebeba na sufuria zangu."

Sindano alilibeba kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kweli. Nyuma yake dada wawili walikuwa tayari wameshaanza kubishana ni nani atakaa dirishani.